Saa Sita Mchana, Mwacheni Sungura Alale

Wengi wetu tunaofuga sungura nyumbani hapa Mtwara tunajitahidi kwenye chakula. Majani ya viazi vitamu yapo, nyasi zipo, maji tunabadilisha. Tunachoshindwa ni kumpa sungura saa zake. Anatolewa bandani saa sita mchana ili mgeni amwone. Saa nane watoto wakirudi shule wanambeba, wanambembeleza, wanamzungusha uani. Usiku akianza kukwaruza mbao anapigiwa kelele anyamaze. Baada ya wiki chache tunasema sungura huyu mvivu, ana hasira, anauma. Mimi naona anauma kwa sababu hajalala.

Sungura si mnyama wa mchana. Si wa usiku pia, ingawa ndivyo wengi wanavyoamini. Nyakati zake ni mbili, zile za mwanga hafifu: alfajiri kabla jua halijatoka, na jioni linapozama. Hapo ndipo anakula kwa bidii, anakimbia, anachimba, anaruka na kujipinda hewani kwa furaha. Usiku wa manane anakula kidogo na kupumzika kidogo. Kuanzia kama saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni anataka kivuli na utulivu. Usingizi wake wote kwa siku ni kama saa nane, ila hazilali kwa mkupuo mmoja. Anazikatakata vipande vidogo vidogo, na vingi vinaangukia mchana.

Kwa hili sisi watu wa kusini tuna bahati. Hapa tulipo, kwenye nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, jua linatoka na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Mfugaji wa Uingereza jua lake la Juni linazama saa tatu usiku na la Desemba linazama saa kumi jioni, kwa hiyo inabidi arekebishe mambo kila msimu. Sungura wa Shangani hapa Mtwara au wa Mtanda kule Lindi ratiba yake haiyumbi. Na kwa nyumba zinazofunga, Ramadhani ndiyo mwezi mzuri kuliko yote kwake. Mnaamka kula daku, naye yuko macho kwenye wavu anasubiri. Mnafuturu, naye anatafuna majani yake. Mchana nyumba nzima imetulia na hakuna anayemsumbua.

Tatizo kubwa ni kwamba watu hawamwoni sungura akilala, kwa hiyo wanadhani halali. Anaweza kulala macho yakiwa wazi kabisa. Jicho lake lina utando wa ndani unaolilinda, na hata akiwa macho anapepesa mara chache sana, kama mara kumi au kumi na mbili kwa saa nzima. Mnyama huyu ni windo la kila mwenye meno, na macho yake yamekaa pembeni ya kichwa kiasi kwamba anaona karibu pande zote bila kugeuka. Kwa hiyo ukitaka kujua kama amelala, usitazame macho, tazama pua. Sungura aliye macho pua yake inachezacheza muda wote. Ikipungua kasi, anasinzia. Ikitulia kabisa, masikio yamelazwa nyuma na miguu imekunjwa chini ya mwili, huyo amelala.

Akilala usingizi mzito unaweza kuona midomo au miguu ikishtukashtuka. Kuna na ule mlalo unaowatia watu kiwewe: sungura amekaa vizuri, ghafla anajibwaga ubavu, miguu imenyooka, tumbo nje. Nimeshaitwa na mtoto wa jirani akilia, "Mjomba, sungura amekufa!" Hakufa. Sungura anayejibwaga hivyo anakuambia kwamba mahali hapo anapaamini, na ni sifa kubwa kwa mfugaji. Anayeishi kwa hofu hathubutu kuacha tumbo wazi.

Hapa niseme jambo linaloniudhi kweli. Kuna mchezo wa kumgeuza sungura chali mapajani, akatulia tuli, na wanaotazama wakasema jamani amelala. Watoto wanafundishana, na wakubwa wanapiga picha. Huo si usingizi hata kidogo. Sungura aliyegeuzwa chali anaganda kwa woga, vilevile anavyoganda akikamatwa na adui, kwa matumaini kwamba adui atalegeza akapata upenyo. Kwa nje ametulia, ndani moyo na pumzi vinaonyesha mnyama aliyeshikwa na hofu. Akizinduka ghafla anarusha miguu ya nyuma kwa nguvu zake zote, na mgongo wa sungura ni dhaifu. Anaweza kuuvunja mwenyewe. Ukimwona mtoto anafanya hivyo, mzuie palepale na umweleze sababu.

Turudi kwenye banda, maana hapo ndipo usingizi unapoharibikia zaidi. Sungura tunayemfuga asili yake ni Hispania na Ureno, na wa ukoo wake huko porini wanachimba mashimo. Jua likiwaka wanaingia chini ardhini kwenye ubaridi na giza, wanalala. Sisi tunamchukua mnyama wa namna hiyo tunamweka kwenye sanduku la mbao lililoezekwa bati, katikati ya uwanja, Mikindani, mwezi wa Desemba. Joto la mchana hapa pwani hupita nyuzi 30 mara kwa mara kipindi cha upepo wa kaskazi, na chini ya bati linazidi. Sungura hana jasho la kumpoza. Anapoza mwili kwa masikio yake na kwa kuhema tu, na vyote viwili havifui dafu hewa ikiwa na joto na unyevu kama yetu. Huko bandani halali, anavumilia. Ukimkuta anahemea mdomo wazi, pua imelowa na masikio yanachoma, mwondoe juani mara moja na umpake maji ya baridi kiasi kwenye masikio. Usimtumbukize kwenye ndoo.

Makuti ni bora kuliko bati, hilo sina shaka nalo. Banda likae chini ya mwembe au mkorosho, upande wenye kivuli saa saba na saa nane. Watu wanakosea kuchagua mahali kwa kutazama kivuli cha asubuhi. Wavu uelekee upande upepo unakotoka: kusi inatoka kusini mashariki, kaskazi inageuka na kutoka kaskazini mashariki. Ndani weka kitu cha giza cha kujifichia. Chungu kikubwa kilicholazwa ubavu kinafaa sana, kwa sababu udongo unabaki na ubaridi na mdomo wake unampa sungura pango. Chupa ya maji yaliyogandishwa ikizungushiwa kitambaa, mwenyewe ataiegemea. Walio Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, wana nafuu ya hewa, ila kivuli hata wao wanakihitaji.

Msimu wa korosho familia nyingi zinaondoka alfajiri kwenda shamba na kurudi jua likizama. Nimesikia watu wakisema kipindi hicho sungura anateseka kwa upweke. Kama ana mwenzake, kivuli na maji ya kutosha, mimi naona ni kipindi anacholala vizuri. Alishwe kabla hamjaondoka, alishwe tena mkirudi. Nyasi zisiishe, kwa sababu meno yake yanakua maisha yake yote na yanasagwa kwa kutafuna. Kisamvu kibichi msimpe, kina sumu.

Jike akizaa, habari ya saa inakuwa nzito zaidi. Mimba inachukua kama siku 31. Vitoto vinazaliwa uchi, vimefumba macho, na mama anavifunika kwa manyoya aliyoyanyofoa kifuani mwake. Kisha anakaa mbali. Mfugaji anachungulia asubuhi, mchana, jioni, mama hayuko kiotani, basi anaamua kwamba kavikataa. Anaanza kuvinywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, na vinakufa. Kumbe mama sungura kwa kawaida ananyonyesha mara moja tu kwa siku, usiku au karibu na alfajiri, kwa dakika tatu hadi tano. Anakaa mbali ili asimwonyeshe adui njia ya kwenda kwa wanawe. Na vitoto, ambavyo havioni wala havisikii vizuri, vinaijua saa hiyo: kabla mama hajafika vinaanza kuchangamka na kupanda juu ya manyoya kumsubiri. Kwangu hilo ni jambo la ajabu kuliko yote kwa mnyama huyu. Kwa hiyo asubuhi gusa tumbo la kitoto. Likiwa la mviringo na mwili una joto, kimenyonya, funika uondoke. Ngozi ikiwa imekunjamana na kitoto kinahangaika, hapo ndipo pa kutafuta msaada.

Ukishazijua saa zake utamjua pia akiumwa. Sungura asiyenyanyuka kwenye majani yake magharibi inapoingia si mvivu. Tumbo la mnyama huyu likisimama kufanya kazi kwa nusu siku tu, maisha yake yako hatarini, kwa hiyo usisubiri kesho kumtafuta mtaalamu wa mifugo. Kuna pia vinyesi laini, vilivyoshikana kwenye kishada, anavyovila mwenyewe akiwa ametulia, akivitoa moja kwa moja mkunduni. Vina protini na vitamini anazozihitaji. Watu wanakereka wakimwona, wanamfukuza anyanyuke. Mwacheni amalize.

Kelele za usiku nazo zina maana. Akipiga mguu wa nyuma chini, puu, puu, anatoa tahadhari: pengine ni paka juu ya banda, pengine nguchiro, pengine nyoka. Toka na tochi utazame.

Basi mzazi akiniuliza kama amnunulie mwanawe sungura, namuuliza kwanza mtoto anafanya nini kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku. Kama yuko uani, na anaweza kukata majani, kufagia banda na kukaa chini sungura amzunguke kwa hiari yake, mnunulie, tena wawili. Kama muda huo wote ni wa tuisheni na nafasi yake pekee ni saa nane mchana, subirini kwanza mpaka ratiba ya mtoto ibadilike.