Sweta Kisumu!

Miaka sita nimeishi Kisumu, na Jumamosi mgeni wangu kutoka Limuru, kule kwenye baridi, nusura anitie wazimu. Nilikuwa nimempangia siku nzima: Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, tupande mashua tutafute viboko, kisha Maseno asimame kwenye ikweta, mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Saa nne tu analia, "Hii joto ni ya wapi?" Na amevaa sweta. Sweta, jamani! Nimwambie avue, hataki. Mashua akakataa, eti magugumaji yana nyoka. Maseno hatukufika. Nikamnunulia ngege mzima kwa ugali, akaomba uma. Jioni jua linazama ziwani, maji yote dhahabu, yeye ameinamia simu anatafuta basi la usiku.