Kumi na

Gari langu halikutaja ng'ombe ishirini. Nalisema hili mapema kwa sababu ile video ya gari langu likifichua siri ya mahari mbele ya wakwe imeshatoka Kondele ikafika Nyalenda, hapa Kisumu, na jana mama mboga wangu aliniuliza kama sukuma nitalipa kwa pesa au kwa ndama. Aliyeisambaza ni rafiki yangu wa karibu, niliyembeba bure kwenye gari hilohilo, akala chapati za wakwe zangu, kisha akatoa simu. Basi niieleze mwenyewe kabla hajaongeza mbuzi.

Probox yangu mnaijua. Mnajua pia nilivyomaliza likizo nzima ya Desemba chini ya dashibodi, solda mkononi, miguu nje mlangoni kama mtu aliyegongwa. Woofa, yaani spika ya besi, ya inchi 12 niliipata soko la Kibuye siku ya Jumapili. Sanduku lake nilichongewa na fundi wa vitanda, ndiyo maana lina maua pembeni. Chini ya viti kuna mkanda wa taa za LED zinazobadilisha rangi, na mbele nikafunga taa nne za spoti, wati 55 kila moja. Vyote hivyo nikavipitisha kwenye rilei moja, ile swichi ya umeme inayoamshwa na waya mwembamba ili ibebe mzigo mkubwa.

Ndiyo, moja. Mafundi mnaonifuata, pumueni kwanza. Najua taa huwekewa yake na amplifaya yake, na kila moja fyuzi yake. Mimi nilikuwa na rilei moja na haraka nyingi. Mguu wa 30 ukaenda betri, 87 ukabebeshwa mzigo wote, na 85, ule wa kuiamsha rilei, nikauunga kwenye waya wa swichi ya mlango, ili mlango ukifunguka gari liwake kama harusi ya tajiri. Lilipowaka mara ya kwanza nilijipigia makofi, peke yangu, usiku, mbu wa ziwa wakinimaliza.

Hesabu niliijua. Spoti nne ni wati 220. Gawa kwa volti 12, hizo ni ampea 18 na ushee kabla woofa haijakohoa. Betri yenyewe ni ya kusukumwa kila asubuhi na vijana wa bodaboda, na kichwa chake kimoja kilikuwa kimeota ule unga mweupe na kulegea. Nilikikaza kwa kipande cha kopo la soda.

Sasa siku yenyewe. Tunapeleka mahari Maragoli, kaunti ya Vihiga. Baba Mkubwa, ambaye ndiye akili ya ukoo, alikwama Nakuru kwa sababu ya goti, akatutumia mkakati wote kwa sauti kwenye WhatsApp. Nilikuwa na wazee watatu garini, na mmoja sikio lake la kushoto limestaafu. Bluetooth siku hiyo ilikuwa inakatika-katika, kwa hiyo nikaitia ile sauti kwenye fleshi, nikaichomeka kwenye kibao cha Bluetooth kinacholisha woofa, nikauacha mlango mmoja haujashika vizuri ili rilei isikate, na kutoka Kiboswa hadi Majengo tukamsikiliza Baba Mkubwa kupitia woofa mara tatu, besi juu, mpaka Mzee wa Sikio akasema ameelewa.

Tulipopita Mbale nikafunga mlango sawasawa na kuzima swichi ya siri iliyo chini ya usukani, inayokata mitambo yote hiyo, ili tuingie kwa heshima. Mkumbuke swichi hiyo.

Tukapokelewa vizuri, tukala, tukaombewa. Nikakalishwa pembeni karibu na ukuta, kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, nikaambiwa kazi yangu ni kunyamaza. Siku hiyo bwana harusi ni kama kabati: yupo, lakini haongei. Msemaji wetu akasimama, akakohoa, akasema kwa unyenyekevu hata mimi nikatuhurumia, "Wazee, mtu hujikuna ajipatapo. Sisi tumejikuna, mkono umefika kwa ng'ombe wanne. Zaidi ya hapo, hata mkitupindua chini juu, hakitaanguka kitu."

Baba mkwe akatazama dari. Kimya. Kuku alipita sebuleni, hakuna aliyemfukuza.

Ndipo nikasikia nje: *tik*.

Sauti hiyo naijua. Ni rilei yangu. Nikajiambia ni mjusi.

"BLUUTUTH MODI!"

Huyo ni yule dada aliye ndani ya kibao cha Bluetooth. Hicho kibao kikiwashwa upya husahau sauti uliyokiwekea na kuanza na ile ya juu kabisa, lakini wimbo wa mwisho hakisahau, kinauanza mwanzo. Kupitia dirishani nikaona ukuta wa jikoni umegeuka zambarau, halafu kijani, na spoti nne zimemmulika ng'ombe wa watu machoni. Kisha Baba Mkubwa akaingia uwanjani, kutoka Nakuru, kwa inchi 12.

"WAZEE, SIKILIZENI. TUNAANZA NA WANNE. WAKILIA, TUNAPANDA SABA. LAKINI MWISHO WETU, NA WASIJUE, NI KUMI NA..."

*Tik*. Giza. Kimya.

Baba Mkubwa akisema "kumi" sauti yake hushuka hadi kwenye kisigino. Besi ikapiga, woofa ikavuta moto, kile kichwa cha betri chenye kopo la soda kikashindwa, rilei ikaachia. Mzigo ulipotoka, betri ikapata nafuu. Na betri ikipata nafuu, rilei inafanya nini? Mafundi, jibuni.

*Tik*. "BLUUTUTH MODI! WAZEE, SIKILIZENI. TUNAANZA NA WANNE..."

Nilikuwa nimeganda. Msemaji wetu alikuwa bado amesimama, mkono juu, ule mkono uliojikuna. Mzee wa Sikio, ambaye safari nzima hakusikia kitu, akatabasamu na kusema kwa sauti, "Huyo ni ndugu yangu wa Nakuru!" Na ile sauti ilikuwa inagonga yale mawe makubwa ya Maragoli na kurudi, kwa hiyo kila neno tulilipata mara mbili. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba katika kaunti ya Vihiga. Nadhani wote walikuwa nyumbani.

"...NI KUMI NA..." *Tik*.

Hapo ndipo baba mkwe alipoinama mbele, mikono magotini, akauliza polepole, "Kumi na ngapi?"

Sikungoja ruhusa. Nikaruka meza, nikatoka. Kwenye gari kulikuwa na watoto wapatao kumi na watano. Mmoja, miaka sita hivi, ndiye aliyekuwa ameigundua swichi yangu ya siri, na sasa amesimama kwenye kizingiti cha mlango wa dereva, ameshika mlango wazi, anacheza. Nikafungua boneti nichomoe betri. Nati ya betri ni spana kumi. Wenye magari mnajua spana kumi hupotea yenyewe, bila kuibwa. Nikaanza kutumia meno. Sitanii. Nilikuwa nimeuma kile kipande cha kopo, uso wangu unageuka bluu, pinki, bluu, Baba Mkubwa ananinguruma mgongoni kwa mara ya saba, na kwa pembe ya jicho nikamwona rafiki yangu amesimama vizuri, simu ameilaza kama mpiga picha wa runinga.

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko. Yule ambaye kwa desturi natakiwa kumpisha njia nikimwona, nisimkaribie. Alimtazama mtoto, akamtazama mkwe wake mwenye bati mdomoni, akamshusha mtoto kwa mkono mmoja, na kwa nyonga akaufunga mlango.

*Tik*. Kimya kabisa.

Mlango! Swichi ya mlango, niliyoiunga kwa mikono yangu na kuipigia makofi.

"Umekula chuma?" akaniuliza. Nikajibu, "Hapana, mama," na kopo likadondoka.

Yaliyofuata ni mafupi. Niliporudi ndani, upande wao ulikuwa umeshatoka kuteta na kurejea. Mahesabu yao yalikuwa safi: "kumi na" haiwezi kuwa chini ya kumi na mmoja wala juu ya kumi na tisa, na kwa kuwa wao si watu wabaya, wataanza na kumi na tisa halafu sisi tushuke. Msemaji wetu akaapa ni kumi na mmoja; wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tukaachia kumi na watatu. Ng'ombe wawili wa ziada ndio bei ya rilei ya pili ambayo sikuinunua. Tulisukuma gari hadi barabarani, wakwe wakitusaidia.

Baba Mkubwa hajui bado. Mliomo kwenye kundi la ukoo, tafadhalini. Mama mkwe amepiga simu kuuliza kama zile taa za rangi zinaweza kufungwa kwenye banda la kuku. Mchumba wangu amenisevu upya kwenye simu yake kwa jina ambalo mnaweza kulikisia.

Amplifaya na woofa naziuza, sanduku la maua likiwemo. Anayezitaka aniandikie, lakini asiniulize bei yangu ya mwisho.