Mkanda Umeisha Matundu

Shemeji yangu yuko Dar, na kila Jumatatu ananitumia sauti ya WhatsApp ya dakika saba kuhusu kubana matumizi. Kuifungua tu ni bando, ila hilo halimo kwenye somo.

"Shem, acha kahawa za mgahawani, mwisho wa mwaka utashangaa." Kahawa yangu ni ya kijiweni, kikombe shilingi 100. Kashata mzee wa birika ananiongezea mwenyewe, kwa sababu ananidai na anaogopa nikihama kijiwe. Nikiiacha, mwisho wa mwaka nitashangaa kweli: nitakuwa na 36,500 mfukoni na sina mtu wa kuniambia Yanga imemsajili nani.

Lakini ni kaka wa mke wangu, nikasema nijaribu. Kuna kanuni ya Wamarekani, 50, 30 na 20: nusu ya kipato mahitaji, 30 starehe, 20 akiba. Nikanunua daftari la 1,000, nalo likawa tumizi la kwanza kuandikwa. Mimi nauza viatu vya mitumba Mlango Mmoja, hapa Mwanza. Siku hiyo faida ilikuwa 10,000, nikaigawa vizuri. Kufika saa moja jioni mahitaji yalikuwa yameshamaliza 5,000 yake na bado luku. Kwenye starehe kulikuwa na 3,000. Nikakaa nikajiuliza moyo wangu unataka nini hasa. Moyo ukajibu unataka ile 5,000 ya kwanza itoshe.

Halafu anasema nihamie nyumba ya kodi nafuu. Shem, nimeshahamia! Ninakaa Mabatini, kule juu kwenye mawe, ambako hata mbuzi anapanda kwa mahesabu. Mwanza kila hatua unayopanda kodi inashuka, na dumu la maji linapanda. Bombani chini lita 20 ni 200, likifika mlangoni kwangu ni 500, na kijana anayelibeba ana haki yake, maana akifika anahema kama amekimbizwa na polisi. Uchungu ni kwamba nikikaa kizingitini ninaliona ziwa lote limetanda, ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kilomita za mraba zaidi ya 68,000 za maji, na mimi nimeshika kopo nanawa uso kwa zamu: leo shavu la kulia.

Ushauri ulioniumiza ni wa kununua kwa jumla. Hapo nakiri jamaa hajakosea hesabu. Mafuta ya kupima ya 500 kila siku ni ghali kuliko dumu la lita tano, na mkaa wa sado ni ghali kuliko gunia. Sisi tusio na hela ndio tunaonunua kwa bei kubwa. Nikajinyima, nikakusanya, nikaleta dumu la mafuta la lita tano. Mwanawane! Mafuta ya kupima yana adabu, yakiisha yameisha. Haya ya dumu yaliikuta nyumba haijazoea neema. Maharage yakaungwa, mchicha ukaungwa, mihogo tuliyokuwa tunachemsha tangu enzi ikaanza kukaangwa. Majirani nao wakaliona likipanda mlima begani kwangu, na huku juu hakuna siri, kila mlango unachungulia mwenzake. "Mama, nisaidie kamafuta kadogo." Wote wanakuja na vikombe vya chai. Siku ya 11 nilikuwa dukani kwa Mangi nimeshika kichupa changu cha kupimia, na Mangi akanipokea kama mwana mpotevu.

Chakula nafuu? Sangara anaingia kiwandani mzima, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwake, bei yake siitaji kwa sababu nina presha, sisi tunabakiwa na panki: kichwa, mgongo na mkia. Na tunashukuru, mke wangu akilikaanga utalamba vidole. Lakini chini ya panki, Shem, hakuna tena pa kushuka. Yanabaki maji, na maji nimeshakutajia bei yake.

Basi Ijumaa akaja mwenyewe, ana semina mjini. Akapanda mlima akipumzika kila jiwe, akafika, akageuka kutazama ziwa. "Shem, unajua Dar watu wanalipa mamilioni kupata mandhari kama hii?" Nikasema karibu, jiskie huru, na hilo ndilo kosa langu. Alipoliona panki akatabasamu, akasema mifupa huwa inamsumbua koo. Dada mtu akashuka mpaka Mwaloni Kirumba akarudi na sato, na mimi sikuuliza kwa hela gani.

Jioni akaomba maji ya kuoga. Nikasimama nje ya bafu nikisikiliza. Pwaa! Kimya. Pwaa! Mtu wa bomba la ndani utamjua tu, anaanza kwa kujimwagia kichwani. Dumu la kwanza likalia tupu, akaita, "Shem, mengine yapo?"

Akatoka ananukia, akajifuta, akasema lete hilo daftari nione kama unaandika. Nikampa. Akafunua, na mimi nikachungulia begani kwake. Mke wangu alikuwa ameshaingiza, kwenye ile safu ya starehe: kaka, madumu 2, sato 1.