Podikasti ya biashara ndogo Kenya: gharama zake zinapunguza kodi lini?

Chukua mwenye agrovet mjini Nakuru anayerekodi podikasti kila wiki kuhusu mbolea, dawa za minyoo na bei ya mahindi. Wakulima wanamsikiliza, kisha wanakuja dukani kununua. Mhariri wa sauti, bando, ada ya kuhifadhi vipindi mtandaoni: zote hizo ni gharama za kutangaza biashara, na sheria ya kodi ya mapato inakubali gharama iliyotumika yote kwa ajili ya kuzalisha mapato. Ila kabla hajauliza gharama ipi inakubalika, ajue kwanza yuko kwenye kodi ipi.

Mfanyabiashara anayeuza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka huingia kwenye kodi ya mauzo ghafi, ile TOT. Ni asilimia 3 ya mauzo yote, inalipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Humo hakuna gharama inayokatwa, hata shilingi moja. Anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwamba anataka kutoka, akatozwa kodi ya kawaida kwenye faida, na hapo gharama zinaanza kuhesabiwa.

Tuseme anauza milioni 2.4 kwa mwaka. TOT yake ni 72,000. Faida yake kabla ya kuhesabu podikasti ni 600,000, na podikasti inamla 130,000. Bila podikasti, kodi ya kawaida baada ya nafuu ya mlipakodi ya 28,800 ingekuwa 88,600. TOT ingemfaa zaidi. Akikata zile 130,000, faida inashuka hadi 470,000 na kodi inakuwa 49,600. Podikasti pekee imegeuza hesabu. Kwa mauzo hayo, mizani inalingana faida ikiwa kama 544,000, yaani karibu asilimia 23 ya mauzo. Faida ikizidi hapo, abaki TOT.

Upande wa TOT una hoja nzito. Hesabu yake inamalizika kwa dakika kumi, haihitaji mhasibu, na hakuna afisa atakayeuliza kama bando lilitumika kurekodi kipindi au kutazama mpira. Ubaya wake unaonekana mwaka mbaya: ukame ukija na duka likapata hasara, asilimia 3 inalipwa vilevile.

Upande wa kodi ya kawaida mara nyingi huangushwa na karatasi. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi, isipokuwa chache kama mishahara na bidhaa zilizoagizwa kutoka nje. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba pesa ilitoka, lakini si ankara. Na ankara yenyewe lazima iwe na PIN ya mnunuzi, yaani namba yake ya mlipakodi. Ukisahau kuitaja dukani, umenunua kama mtu binafsi.

Kijana anayehariri sauti kwa 2,000 kila kipindi ndiye anayesumbua zaidi. Vipindi 40 ni 80,000, sehemu kubwa ya bajeti, na wengi wao hawajajisajili. Anaweza kutoa ankara kwa simu ya kawaida kupitia *222#, na tangu mwisho wa 2024 sheria inamruhusu mnunuzi kumtolea ankara muuzaji mdogo asiyefikisha mauzo ya milioni 5. Mkubaliane hilo kabla ya kipindi cha kwanza. Nusu ya gharama ikikosa ankara, zinabaki 65,000 tu, kodi inapanda hadi 69,100, na faida ya kuhama inakuwa 2,900. Mhasibu ataila yote.

Huduma ya kuhifadhi vipindi ikitoka kwa kampuni ya nje isiyo na ofisi Kenya, eTIMS haidaiwi. Weka ankara yao ya kawaida pamoja na taarifa ya kadi. Kama hujasajiliwa kwa VAT, ile asilimia 16 waliyokutoza ni sehemu ya gharama yako.

Vifaa havikatwi vyote mwaka mmoja. Kompyuta na vifaa vyake hukatwa asilimia 25 kwa mwaka, kwa mafungu sawa: laptopu ya 80,000 inapunguza faida kwa 20,000 kila mwaka kwa miaka minne. Maikrofoni inayochomekwa kwenye kompyuta tungeiweka humo humo. Meza na viti ni asilimia 10. Pango la nyumba unayolala tunashauri uliache kabisa, hata kama unarekodia chumbani. Sheria inakataa matumizi ya nyumbani, na nauli ya kutoka nyumbani hadi kazini pia. Studio ya kukodi kwa saa haina utata. Kwa bando, nunua laini ya pili ya biashara pekee, maana laini ya familia haigawanyiki kwa urahisi mbele ya mkaguzi. Karatasi zote zikae miaka mitano.

Siku kampuni ya mbegu itakapodhamini kipindi, hali inabadilika: podikasti imekuwa chanzo cha mapato, na mlipaji anapaswa kuzuia asilimia 5. Kwa mkaazi wa Kenya hiyo si kodi ya mwisho. Mdai cheti cha makato kabla hujawasilisha ritani ifikapo 30 Juni, la sivyo utalipia mapato hayo mara mbili.