Mnafuta kipindi cha michezo halafu mnataka hisabati ipande?

Juzi kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wa darasa la saba likatua tangazo, kuanzia wiki ijayo kipindi cha michezo hakuna mpaka watoto wamalize mtihani wa taifa, muda huo watafanya majaribio ya hisabati. Nikasubiri mzazi mmoja ahoji. Zikamiminika tu ahsante mwalimu, Mungu akubariki mwalimu. Iliniuma sana.

Jamani tuangalie siku ya mtoto wa Dar anayesoma hizi shule zetu za kulipia. Saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye basi la shule, kaegemeza kichwa kwenye kioo, kalala na tai shingoni. Anazungushwa mitaa yote wakipitia wenzake, akifika anakaa, mapumziko chipsi na soda, anakaa tena, rimidio mpaka jioni, basi tena, foleni, akifika nyumbani homuweki mpaka macho yanafumba yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anatakiwa apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili kisawasawa. Huyu wa kwetu anazipata wapi? Ile nusu saa ya rede na mpira ndiyo ilikuwa yote, na ndiyo tumeipokonya.

Na tunaipokonya kwa jina la ufaulu! Pale Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Charles Hillman na wenzake walichukua watoto 221 wa miaka 7 hadi 9, wakawagawa kwa bahati nasibu, kundi moja likawa linacheza kila siku baada ya masomo kwa miezi 9, jingine likawekwa lisubiri. Matokeo yalichapishwa 2014, waliocheza pumzi iliongezeka, sawa, hilo ulilitegemea, lakini pia waliwapita wenzao kwenye vipimo vya kutulia, kutokurupuka na kuhamisha akili toka kanuni moja kwenda nyingine. Sasa kaa na mtoto anayefanya hesabu za mafumbo uone anapokosea. Kuzidisha anajua. Ila ameona "jumla" kwenye mstari wa kwanza akaanza kujumlisha, mstari wa pili ulioomba tofauti hakuufikia kabisa. Mtoto huyo ukimwongezea karatasi ya kumi na moja atakurupuka mara ya kumi na moja.

California nao mwaka 2002 walilinganisha vipimo vya mazoezi na alama za mitihani za mamia ya maelfu ya wanafunzi, wenye mwili imara ndio waliokuwa na alama za juu, hasa hisabati. Haya, nakubali, hiyo peke yake haithibitishi kitu, mtoto wa nyumba yenye uwezo anakula vizuri na ana pa kuchezea. Ndiyo maana nimeanza na ile ya bahati nasibu, kule makundi hayakupangwa kwa uwezo wa nyumbani.

Halafu kuna hili la unene, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtoto wa dada yangu shuleni wanamwita bonge, na sio watoto peke yao, mpaka mwalimu wa zamu, "we bonge, kaa nyuma utawachelewesha wenzio". Siku hizi kila siku ya michezo tumbo linamuuma. Yule mtoto anapenda kukimbia, nyumbani huwezi kumshika! Mizani haikuambii mtoto ana pumzi kiasi gani, wapo wembamba kama fito wanaohema kwa ngazi za ghorofa moja, na hao hakuna anayewasumbua. Mwacheni acheze, kilo zake sio kazi ya mwalimu wala ya darasa.

Walimu najua wanabanwa, mwenye shule anataka A. Necta, baraza la mitihani, wenyewe mwaka 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora, ila sisi wazazi bado tunazipanga wenyewe kwenye magrupu. Na viwanja vimejengwa madarasa, hilo nalo lina siku yake.

Kikao cha wazazi kijacho nitasimama niombe vitu viwili tu. Kipindi cha michezo kirudi kwenye ratiba ya darasa la saba, na kianze kabla ya hisabati. Na mwalimu yeyote asimwite mtoto kwa umbo lake. Mzazi mwenye mtoto darasa lolote anayekubaliana na mimi asimame pia, maana mmoja akisimama peke yake ataambiwa hapendi mwanae afaulu.