Mauzo kayastahili, ila ule ukurasa wa kwanza
Eti riwaya kama The Da Vinci Code zinauzika kwa sababu wasomaji ni wavivu tu? Hapo sikubaliani. Nakala yangu ilikuwa ya mtumba, jalada limebanduka, na nilikesha nayo kwa tochi ya simu umeme ulipokatika. Sura fupifupi, kila ikiisha unajiambia moja tu kisha nilale. Kumfanya mtu akeshe hivyo si kazi ya kitoto, na mwandishi wake, Dan Brown, kalipwa jasho lake. Kilichonikera ni ule ukurasa wa kabla ya hadithi, unaodai Priory of Sion, kile chama cha siri cha kwenye riwaya, ni cha kweli na kipo tangu 1099. Wapi! Mfaransa Pierre Plantard na wenzake walikisajili 1956, na zile hati zake za "siri" katika maktaba ya taifa ya Paris ni za kughushi. Hata vioo vya piramidi ya Louvre, ile makumbusho ya Paris, kitabuni vimekuwa 666, wakati vipo 673. Ndani ya hadithi adanganye atakavyo, lakini pale mlangoni alituapia. Shemeji yangu hadi leo ananibishia mambo ya kanisa kwa kitabu hicho hicho. Ninyi wenzangu, ukurasa ule mliuamini?