Chumba hakina intaneti, na bando silo tatizo

Kwa miezi minne mwanangu wa kidato cha tatu alisomea barazani. Chumbani kwake kishikwambi kilikuwa hakishiki intaneti, na sebuleni wadogo zake wanaangalia katuni. Mvua za huku Kigoma zikianza, baraza halikaliki. Usiku mmoja nilimkuta amejifunika kanga ya mama yake, mvua inampiga ubavuni, anasubiri somo la fizikia limalize kuzunguka. Niliumia. Toka siku ile niliacha kulaumu kwa kubahatisha, nikaanza kutafuta kosa liko wapi hasa.

Maana kulaumu nilikuwa nimelaumu sana. Nilimpigia mtoa huduma mara tatu. Nikahamia bando kubwa, kisha kubwa zaidi. Pesa ikaenda, na chumba kikabaki vilevile.

Kitu ambacho sikukijua, na naona majirani zangu wengi hapa Mwanga, mjini Kigoma, hawakijui, ni kwamba intaneti ya nyumbani husafiri safari mbili. Ya kwanza ni kutoka mnarani hadi kwenye rauta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Ya pili ni kutoka kwenye rauta hadi kwenye kifaa ulichoshika. Ile alama ya waifai juu ya simu inakueleza safari ya pili tu. Inaweza kuwa imejaa kabisa na intaneti haipo. Na mnara unaweza kuwa unakupa huduma safi huku chumba cha nyuma hakipati kitu. Kuzitenganisha ni kazi ya dakika tano: simama hatua mbili kutoka kwenye rauta, pima kasi kwa simu, kisha nenda chumbani upime tena kwa simu ileile. Mimi karibu na rauta nilipata megabiti 22 kwa sekunde. Chumbani kwa kijana, 2, na mara nyingine kipimo hakikumaliza. Mtoa huduma niliyekuwa nikimpigia hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kati ya sebule na chumba.

Rauta yetu ni ya laini ya simu, kwa hiyo inalazimika kukaa dirishani upande unaoona mnara. Mji wetu una vilima na mabonde, ukiisogeza mita tatu tu mnara unapotea. Hapo dirishani ilikuwa imebanwa kati ya friji na runinga, na chuma hurudisha mawimbi yalikotoka. Baada ya hapo kuna kuta mbili za matofali ya kuchoma zilizopigwa plasta ya saruji, na mawimbi yanazipita kimshazari, kwa hiyo ukuta wa inchi sita unakuwa mnene kuliko unavyoonekana. Kati ya kuta hizo tumeweka mapipa ya maji ya akiba, na maji hufyonza mawimbi vizuri sana. Waifai hutumia zaidi mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini ukuta huyachosha mapema. Niliondoa friji, nikahamisha mapipa, nikainua rauta juu ya kabati. Kipimo cha chumbani kikapanda hadi 6. Bure kabisa.

Lakini 6 inayoyumba haitoshi somo la video, na hapa ndipo nina ugomvi na ushauri unaotolewa kila mahali: “Chomeka waya.” Nichomeke wapi? Kishikwambi hakina tundu la waya wa mtandao. Simu hazina. Kijiti cha runinga, kile cha kuonyesha video za mtandaoni, hakina. Kompyuta mpakato ya mke wangu ni nyembamba, nayo haina, ingawa hiyo angalau inakubali adapta ya kuchomeka kwenye USB. Vifaa vinavyouzwa madukani siku hizi vingi ni vya namna hii, na ndivyo familia zinavyomudu. Kumwambia mtu wa kishikwambi achomeke waya ni kumwacha peke yake na shida yake.

Nilinunua ekstenda kwanza. Sishauri. Ekstenda ya bei ndogo husikiliza rauta kisha hurudia yale iliyosikia kwa mawimbi yaleyale, zamu kwa zamu, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu. Na wengi wetu tunaichomeka kulekule kusikofika mtandao, ambako haina kizuri cha kurudia.

Kilichotuponya ni waya ule ule, ila uliishia karibu na chumba badala ya kwenye kifaa. Waya ukatoka kwenye rauta ya sebuleni, ukapita darini, ukashuka kwenye rauta ya pili iliyotundikwa ukutani mwa korido, na hiyo ndiyo inayorusha waifai kwa vyumba vya nyuma. Mawimbi yakabakiwa na mita nne za kusafiri. Rauta ya pili ni ya zamani, ilikuwa kabatini. Tulizima kazi yake ya kugawa anwani, yaani namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao, ili rauta hizo mbili zisigombane, tukaipa anwani ya 192.168.1.2 kwa kuwa ya kwanza ni 192.168.1.1, tukachomeka waya kwenye tundu la kawaida badala ya lile la kuingizia intaneti. Jina na nywila ni vilevile. Chaneli, yaani njia ambazo mawimbi ya kila rauta hupita, tulizitenganisha: rauta moja iko chaneli 1, nyingine 11. Kijana sasa anapata 19 akiwa kitandani.

Angalieni waya mnaouziwa. Kuna unaong'aa kama shaba, kumbe ndani ni alumini iliyopakwa. Ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe, rudisha. Na fundi akibana vichwa, rangi zifuatane hivi pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fundi wetu wa kwanza aliweka kijani karibu na mwenzake kwa kuwa inapendeza machoni. Taa ziliwaka, mtandao ukawa unakatakata wiki nzima kabla hatujagundua.

Jambo moja naliomba kwa moyo wote: msivute waya wa shaba hewani kutoka nyumba kubwa hadi vyumba vya uani. Radi za mkoa huu tunazijua. Hata isipokupiga moja kwa moja, ikipiga jirani inaweza kusukuma umeme kwenye waya huo na kuunguza rauta zote mbili. Uzikeni ndani ya bomba la plastiki, na mawingu yakifunga ziwani, chomoeni.

Umeme nao. Tumeunganishwa na gridi ya taifa, si kama enzi za majenereta, ila bado hukatika. Rauta nyingi hutumia volti 12. Betri ndogo ya kutoa volti hizo huibeba kwa saa kadhaa. Soma kibandiko cha chini ya rauta kabla ya kununua, volti zikitofautiana unaweza kuiua. Na kumbuka sasa rauta ni mbili, zote zinahitaji betri. Sisi tulisahau ya korido, umeme ulipokatika chumba kikarudi kuwa kisiwa.

Kazi hii yote ya kutoboa dari ingekuwa rahisi kama nyumba ingejengwa ikiijua. Huko Gungu na Katubuka watu wanajenga, na mafundi wa umeme wanalaza mabomba ya taa na soketi ndani ya kuta kila siku. Bomba moja zaidi, tupu, kutoka sebuleni hadi kila chumba, gharama yake ni ndogo sana kuta zikiwa bado wazi. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara amefikia usawa wa madirisha. Jumapili nilimfuata na kumwonyesha korido yetu. Amekubali mabomba mawili, ya chumba chake na cha watoto. Cha mama yake anasema bibi hatumii intaneti. Nimemwambia wajukuu walioko Dar es Salaam humpigia bibi kwa video kila Ijumaa, na huwa anatoka nje na simu kuwasikia. Plasta inaanza wiki ijayo, nitarudi kwake kesho.